Pakanga kwenye chupa: absinti ni nini, na kweli inatia wazimu?

Aliyesoma Biblia ya Kiswahili amekutana na pakanga. Kwenye Mithali 5 ndiyo kipimo cha uchungu, na kwenye Ufunuo 8:11 ni jina la nyota inayoanguka, inayotia uchungu theluthi ya maji na kuua watu wengi. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kigiriki, na kwa Kigiriki nyota hiyo inaitwa Apsinthos. Jina likapita kwenye Kilatini, likaingia Kifaransa, na leo limebandikwa kwenye chupa za pombe ya kijani inayoitwa absinti.

Kwa jina la namna hiyo, uvumi haukuhitaji msaada. Picha ya chupa ikizunguka WhatsApp haikosi maelezo: pombe hii humwonyesha mtu mapepo, ni bangi ya maji, imepigwa marufuku dunia nzima, ndiyo iliyomfanya mchoraji Van Gogh ajikate sikio. Na tangu artemisia iwe gumzo wakati wa korona, wapo walioegemea upande wa pili kabisa, wakiamini kwamba absinti ni dawa ya malaria iliyofichwa. Pande zote mbili zimekosea, na kwa sababu ileile: zinachanganya mmea, mafuta ya mmea, na pombe iliyopitishwa kwenye mmea. Hivyo ni vitu vitatu, na nguvu zake hazilingani hata kidogo.

Majina kwanza

Pakanga ni mmea. Wataalamu wanauita Artemisia absinthium: kichaka cha kimo cha kiuno hivi, majani ya kijivu kama fedha yenye vinyweleo laini, na ukiyafikicha harufu yake hubaki vidoleni hata baada ya kunawa. Anayejua shubiri au mwarobaini hahitaji kuelezwa uchungu wake.

Absinti ni pombe kali iliyokenekwa pamoja na pakanga, mbegu za anisi na bizari tamu. Kukeneka ni kuchemsha, kuukamata mvuke na kuupoza urudi kuwa maji, kazi ileile inayofanywa na mtambo wa gongo au chang'aa. Kiwango chake cha kilevi kwa kawaida ni kati ya asilimia 45 na 74. Kinachotangulia puani na mdomoni ni anisi. Anayetarajia kukunja uso kwa uchungu hushangaa, na sababu tutaiona kwenye mtambo.

Thujoni ni kemikali mojawapo iliyomo kwenye mafuta ya pakanga. Ndiyo iliyofikishwa mahakamani, kwa namna ya kusema, na kesi yake ilidumu zaidi ya miaka mia.

Sasa artemisia. Hilo ni jina la ukoo wenye mimea mamia, kama vile kunde na maharage zilivyo ndugu bila kuwa kitu kimoja. Artemisia annua, inayolimwa Tanzania, Kenya na Uganda, ndiyo inayotoa artemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto ya malaria. Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Ndiyo pia iliyohusishwa na kinywaji cha Madagascar ambacho ndege ya Tanzania ilikwenda kukichukua Mei 2020. Pakanga ya absinti si chanzo cha artemisinini. Ndugu wa tatu, Artemisia afra, huota kwenye nyanda zetu za juu na majani yake hutumiwa na wenyeji kwa kikohozi na mafua. Huyu wa nyumbani naye mafuta yake yana thujoni, mara nyingi kwa wingi, ingawa hakuna aliyewahi kumtungia hadithi za mapepo.

Ndani ya mtambo

Vitabu vya wakenekaji wa Ufaransa wa karne ya 19 viliacha vipimo kamili vya absinti ya mji wa Pontarlier, na inafaa kuvitazama kwa karibu kwa sababu nusu ya jibu letu imo humo. Kilo 2.5 za pakanga kavu, kilo 5 za anisi, kilo 5 za bizari tamu. Vyote vinalowekwa kwenye lita 95 za spiriti ya asilimia 85 kwa muda usiopungua saa 12, ndani ya chungu cha mtambo chenyewe. Kisha zinaongezwa lita 45 za maji, moto unawashwa, na zinakusanywa lita 95 za mkeneko. Kinachobaki chunguni kinamwagwa.

Angalia kilichobaki. Uchungu wa pakanga unatokana na kemikali nzito, mojawapo ikiitwa absinthini, ambayo haipandi na mvuke. Harufu hupanda kwa sababu ni mafuta mepesi. Uchungu hukaa chini pamoja na makapi. Ndiyo maana anayeloweka pakanga kwenye vodka kwa wiki mbili na kuchuja, kama zinavyoagiza pakiti za "tengeneza mwenyewe" zinazouzwa mtandaoni, hupata kitu kisichonyweka: uchungu wote umebaki ndani, na hakuna mtambo uliochuja chochote. Hiyo si absinti, hata ikiwa na rangi gani.

Mkeneko hutoka mweupe kama maji. Kijani huja baadaye. Lita 40 kati ya zile 95 zinapashwa moto wa wastani pamoja na kilo 1 ya pakanga ndogo (Artemisia pontica, ndugu mpole zaidi), kilo 1 ya hisopo, jina tunalolikuta kwenye Zaburi ya 51, na nusu kilo ya melisa, jani lenye harufu ya limau. Majani hutoa rangi yao, pombe huchujwa, huchanganywa na zile lita 55 zilizobaki, na maji kidogo huongezwa mpaka zifike kama lita 100 zenye asilimia 74 ya kilevi.

Rangi hiyo ni klorofili tupu, kijani cha mchicha. Kama mchicha, haipendi moto mkali wala jua. Majani yakipashwa kupita kiasi, rangi hugeuka na ladha huwa ya mboga zilizochemka mno. Kilevi kikishushwa sana, rangi haikai. Chupa ikiachwa dirishani, kijani hugeuka kuwa kahawia ya jani lililokauka. Wazee wa kazi hawakuona hilo kuwa kasoro, waliliita tu rangi ya jani lililokufa. Kwa hiyo chupa ya kioo cheupe yenye kijani kinachong'aa kama soda, iliyokaa rafuni miezi sita bila kufifia, imetiwa rangi ya dukani. Haina madhara ya ajabu, lakini imekwambia kitu kuhusu aliyeitengeneza.

Kuna hatua nyingine ambapo kazi huharibika: mkeneko wa mwisho. Mvuke wa mwishoni huleta mafuta mazito yenye harufu ya mbao zilizolowana. Mkenekaji mwenye tamaa ya ujazo huyaacha yaingie, na hakuna sukari inayoyaficha. Ikumbukwe kwamba kukeneka nyumbani bila leseni ni kosa la jinai Tanzania, Kenya na hata katika nchi nyingi za Ulaya, na vipimo hivi ni vya kueleza tu.

Kwa nini inageuka maziwa

Absinti hainywewi ilivyo. Hutiwa mililita 30 kwenye glasi, kijiko bapa chenye matundu kinalazwa juu, tonge la sukari linawekwa kijikoni, na maji ya baridi yanadondoshwa polepole mpaka yawe mara tatu hadi tano ya pombe. Kimiminika kilichokuwa angavu hugeuka ukungu mweupe. Kwa mtu asiyejua, yanafanana kabisa na mazingaombwe.

Lakini kila nyumba yenye chupa ya Dettol imeona mazingaombwe hayo. Dettol chupani ni angavu, ukiitia kwenye ndoo ya maji inakuwa maziwa. Sababu inakaribiana: kuna kitu cha mafuta kilichoyeyushwa kwa namna ambayo maji mengi huivuruga. Kwenye absinti mafuta hayo ni anetoli, yanayotoka kwenye anisi na bizari tamu. Anetoli inayeyuka vizuri kwenye kilevi kikali, lakini haipatani na maji. Maji yakiongezeka, anetoli hukimbilia kwenye vitone vidogo sana, vya takribani sehemu ya elfu ya milimita, na vitone hivyo hutawanya mwanga kama yanavyofanya mawingu. Araki ya Lebanoni, ouzo ya Ugiriki na raki ya Uturuki hufanya vivyo hivyo, na hazina pakanga hata chembe. Ukungu huo, basi, hauna uhusiano wowote na thujoni.

Kuna sababu ya kudondosha badala ya kumimina. Mililita 30 za asilimia 70 zikipata mililita 120 za maji, glasi nzima inakuwa na asilimia 14, yaani nguvu ya divai. Mwenye haraka akipitisha, kinywaji kishachujuka na hakirudi. Asiyetia maji kabisa anakunywa kitu chenye nguvu karibu mara mbili ya konyagi, kisha anasimulia kwamba absinti ina maajabu.

Safari kutoka bonde moja la Uswisi

Absinti ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 18 katika Val-de-Travers, bonde la jimbo la Neuchâtel, Uswisi. Simulizi humtaja daktari Mfaransa, Pierre Ordinaire, aliyeishi Couvet na kuuza kinywaji cha pakanga kama dawa. Wengine wanasema kanuni hiyo ilikuwa ya mwanamke wa kijijini aliyefahamika kwa jina la Mama Henriod. Kilichoandikwa wazi ni biashara: mwaka 1797 Meja Dubied aliinunua kanuni hiyo, akafungua kiwanda Couvet pamoja na mwanawe na mkwewe, Henri-Louis Pernod. Mwaka 1805 Pernod alivuka mpaka na kujenga kiwanda Pontarlier, upande wa Ufaransa, ili kukwepa ushuru wa forodha. Kwa muda mrefu ilikuwa pombe ya wenye nafasi.

Mambo mawili yaliiporomosha bei na kuisambaza. La kwanza ni vita vya Ufaransa nchini Algeria, hasa miaka ya 1840. Askari walipewa absinti watie kwenye maji ya kunywa, kwa imani kwamba ingewakinga na homa na matumbo ya kuhara. Malaria haikuwaogopa, lakini askari waliorudi Paris walirudi na kiu.

La pili lilikuwa mdudu. Filoksera, jamaa wa vidukari aliyetoka Amerika, alianza kula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1860, na ndani ya miongo miwili divai ilikuwa adimu na ghali. Wenye viwanda vya absinti hawakuhitaji zabibu. Wakageukia spiriti ya viazisukari na nafaka, bei ikashuka, na kibarua wa Paris akajikuta anaweza kulewa kwa bei nafuu kuliko divai. Saa kumi na moja jioni ikapewa jina: saa ya kijani. Kufikia 1910 Wafaransa walikuwa wakinywa lita milioni 36 za absinti kwa mwaka.

(Kiasi kilichokuwa kikitengenezwa kinaonekana kwenye kisa kimoja. Agosti 1901 radi iliwasha moto kiwanda cha Pernod, na matangi yakafunguliwa yasije yakalipuka. Absinti ikatiririka hadi mto Doubs. Siku mbili baadaye ukanuka mto mwingine, Loue, unaochimbuka upande wa pili wa mlima. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Loue hupata maji yake kutoka Doubs kupitia chini ya ardhi.)

Kesi ilivyotengenezwa

Mtuhumu mkuu alikuwa daktari halisi, si mpiga ramli. Valentin Magnan alifanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Sainte-Anne, Paris, na aliona walevi wengi. Alishawishika kwamba walevi wa absinti wana ugonjwa wao wa pekee, tofauti na ulevi mwingine: degedege, maruweruwe, akili kuoza. Ukaitwa absinthismu. Ili kuuthibitisha, aliwapa wanyama mafuta ya pakanga, wakapata degedege. Wanyama waliopewa kilevi kitupu walilewa tu.

Majaribio hayo hayakuwa ya uongo. Mafuta ya pakanga kweli huleta degedege. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa akinywa mafuta ya pakanga. Ni sawa na kumnywesha panya chupa ya mafuta ya karafuu, akafa, ukaenda kupiga marufuku pilau. Magnan alipima kitu kimoja, akatoa hukumu kwa kingine, na kwa miaka hamsini karibu kila mtu alimfuata.

Kisha likaja tukio lenye damu. Tarehe 28 Agosti 1905, kijijini Commugny, Uswisi, Jean Lanfray alimpiga risasi mkewe mjamzito na binti zake wawili wadogo, wakafa. Siku hiyo alikuwa amekunywa glasi mbili za absinti. Alikuwa amekunywa pia divai nyingi, konyaki kadhaa, likeri ya mnanaa, na kahawa iliyotiwa pombe kali. Magazeti yalichagua zile glasi mbili. Hapo inafaa kujua kwamba Lanfray alikuwa kibarua wa mashamba ya mizabibu, katika eneo ambalo divai ilikuwa mkate wa kila siku na haikuhesabiwa kuwa pombe hasa. Kuilaumu divai kungekuwa kujilaumu.

Ombi la kupiga marufuku lilipata saini 82,000. Jimbo la Vaud likafunga mlango mwaka 1906. Waswisi wote wakapiga kura Julai 1908, na marufuku ikaanza Oktoba 1910. Marekani ilifuata mwaka 1912, Ufaransa Machi 1915, vita vikiwa vimepamba moto na serikali ikiogopa askari walevi. Nyuma ya wapinga pombe walisimama wakulima wa zabibu, ambao mizabibu yao ilikuwa imepona na wateja wao hawajarudi. Muungano wa wachamungu na wauza divai ulikuwa wa ajabu, lakini ulifanya kazi.

Sehemu ya kwanza kabisa kupiga marufuku haikuwa Ulaya. Ilikuwa Dola Huru ya Kongo, mwaka 1898, chini ya Mfalme Leopold. Utawala uliokuwa ukiwamaliza watu kwa ajili ya utomvu wa mpira ulijipa muda wa kuwakinga na absinti.

Thujoni inafanya nini hasa

Ubongo unakwenda kama lori linaloteremka Kitonga: unahitaji breki wakati wote. Breki kuu ya ubongo ni kemikali iitwayo GABA, inayozituliza seli za neva zisiripuke hovyo. Kilevi huikanyaga breki hiyo zaidi, ndiyo maana mlevi huwa mzito, mlegevu, kisha hulala. Thujoni hufanya kinyume, kama grisi iliyomwagikia breki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilionyesha hilo mwaka 2000: thujoni huziba mahali GABA inapofanyia kazi. Ikizidi sana, breki zinashindwa, na matokeo ni degedege. Katika majaribio hayohayo, panya waliopewa kilevi walikingika kwa kiasi na degedege ya thujoni. Chupa ya absinti imebeba sumu na sehemu ya kiuasumu chake pamoja.

Nadharia ya bangi nayo ilikuwa na asili yake. Mwaka 1975 wanasayansi walipendekeza kwamba thujoni na kilevi cha bangi vina umbo linalofanana, hivyo huenda vinafungua mlango mmoja kwenye ubongo. Lilikuwa wazo tu. Lilipopimwa mwaka 1999, thujoni haikuufungua mlango huo. Pendekezo lilisambaa, kipimo hakikusambaa.

Swali lililobaki ni la kiasi, na hapo ndipo kesi nzima inapolala. Kwa sheria ya sasa ya Umoja wa Ulaya, kinywaji kilichotengenezwa kwa mimea ya Artemisia hakiruhusiwi kuzidi miligramu 35 za thujoni kwa kilo. Chukua glasi yetu ya mililita 30. Hata ikiwa imefika ukomo huo, ina thujoni ya miligramu 1 hivi. Glasi hiyohiyo, ikiwa ya asilimia 70, ina gramu 16 na nusu za kilevi. Kwa kila miligramu moja ya thujoni unameza zaidi ya miligramu 16,000 za kilevi. Anayetaka kufikia kiasi cha thujoni cha kumfanya aone chochote atakuwa amepoteza fahamu kwa kilevi zamani, na huenda amekufa.

Wapenzi wa hadithi hujibu: hiyo ni absinti ya leo iliyolegezwa, ya kale ilikuwa na moto wake. Jibu hilo lilikuwa na nguvu mpaka chupa zenyewe zilipofunguliwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa chupa 13 zilizotengenezwa kabla ya marufuku, zikiwa bado zimefungwa. Thujoni ilikutwa kati ya miligramu 0.5 na 48.3 kwa lita, wastani 25.4. Nyingi zingeuzwa leo kihalali. Makadirio ya zamani yaliyofika miligramu 260 yalidhani kila tone la mafuta hupita kwenye mtambo. Rudi kwenye kanuni ya Pontarlier ujipigie hesabu: kilo 2.5 za pakanga kwa lita 100 ni gramu 25 kwa lita. Tuseme mmea una mafuta ya nusu asilimia. Hizo ni miligramu 125 za mafuta, na thujoni ni sehemu tu ya mafuta hayo, nyingine wala haipandi. Kuna pakanga za maeneo fulani ambazo karibu hazina thujoni.

Basi wale wagonjwa wa Magnan walikuwa na nini? Walikuwa na ulevi. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, mguu umekanyaga breki muda wote, ubongo wake hujibu kwa kuongeza mafuta ili uendelee kwenda. Pombe ikikatika ghafla, mguu umetoka kwenye breki na injini inanguruma: ndani ya siku mbili tatu huja kutetemeka, jasho, degedege, na maruweruwe ya wadudu wanaotambaa ukutani. Hali hiyo huua, na huwapata walevi wa gongo, wa waragi na wa whisky vilevile. Mlevi asiachishwe ghafla nyumbani kwa kufungiwa chumbani, apelekwe hospitali.

Ongeza uchakachuaji. Absinti ya bei ya chini haikupitia mtambo wa Pontarlier. Ilikuwa spiriti ghafi iliyotiwa mafuta ya harufu. Kijani kilichokosekana kilitafutwa kwenye chumvi za shaba. Ukungu uliokataa kutokea ulilazimishwa kwa kloridi ya antimoni, ambayo ni sumu. Yeyote anayefuatilia habari za watu waliopofuka au kufa kwa pombe yenye methanoli hapa kwetu anaijua hadithi hii: kinachoua mara nyingi ni alichoongeza muuzaji.

Yanayobaki

Moto. Kulitia tonge la sukari absinti, kuliwasha na kulitumbukiza ni mtindo ulioenea na absinti za Ucheki miaka ya 1990, nyingi zikiwa hazina anisi ya kutosha kugeuka ukungu, hivyo baa ilihitaji tamasha lingine. Sukari iliyoungua huharibu harufu, na pombe ya asilimia 70 ikimwagika ikiwaka hushika nguo.

Van Gogh. Alikunywa absinti, kweli. Alikunywa na vingine pia, alikula vibaya, na daktari aliyemtibu baada ya kujikata sikio Desemba 1888 alitaja kifafa. Glasi za mezani hazitoshi kueleza usiku ule.

Marufuku ya dunia nzima. Haikuwahi kuwapo. Uingereza na Hispania hazikupiga marufuku. Uswisi ilifungua tena tarehe 1 Machi 2005. Marekani imeruhusu tangu 2007, kwa masharti kwamba thujoni isifike miligramu 10 kwa kilo. Ufaransa ilikaa kwa miaka ikiuza absinti chini ya majina ya kuzungukazunguka, na sheria ya 1915 ikafutwa rasmi mwaka 2011.

Hatari iliyo ya kweli iko kwenye kichupa kidogo, kile cha mafuta halisi ya pakanga yanayouzwa kwa ajili ya manukato na kuchua. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani waliripoti mtu wa miaka 31 aliyenunua mafuta hayo kwenye intaneti akidhani ndiyo absinti, akanywa takribani mililita 10. Alipata degedege, misuli ikavunjika, figo zikafeli. Aliishi, kwa kulazwa. Mwenye kifafa, mjamzito na anayenyonyesha wakae mbali na mafuta hayo na dozi kubwa za chai ya pakanga, na tahadhari hiyo inamgusa pia anayekoroga Artemisia afra kwa mkono mzito. Mmea kuwa wa asili hakuupunguzii chochote kwenye seli za neva.

Huko Val-de-Travers marufuku haikufanya kazi kamwe. Watu waliendelea kukeneka jikoni na vyooni kwa miaka 95, wakaacha kuitia kijani ili ifanane na maji, na wakaiita La Bleue. Waliokamatwa walipelekwa Môtiers kuhukumiwa. Jengo hilo la mahakama tangu 2014 ni makumbusho ya absinti, na lina baa ya kuonja.